Poshi tatu za damu na maumivu yakazidi: nimehesabu kisa cha mpwa wangu

Hii kisa ni ya mwezi wa saba, ile baridi ya Lubumbashi yenye usiku inakuingia mpaka kwenye mifupa. Mpwa wangu, mtoto wa yaya wangu (dada yangu mkubwa), ana miaka 14, kilo 40, ni SS tangu kuzaliwa, yaani ana ugonjwa wa damu wa sikoseli. Wenye wana mtoto wa SS nyumbani wanajua, baridi ikianza na kriz (maumivu makali ya SS) zinaanza. Siku ile miguu na mgongo vilimuuma tangu asubuhi, maji alikunywa kidogo sana, jioni akawa analia bila kunyamaza, yaya akamfunga blanketi akampeleka kwenye kliniki moja ya karibu kule Katuba.

Wakapima hemoglobini, ile kitu nyekundu ya damu yenye inabeba oksijeni: 7. Wakasema damu iko chini sana, lazima aongezewe. Tukaitana sisi wote wa familia, mimi nikatoa, shemeji akatoa, na kijana mmoja wa jirani akatoa. Kwa siku mbili wakamwekea poshi (mifuko) tatu za chembe nyekundu, zile zenye plazma imeondolewa. Wakapima tena: 12.4. Ile karatasi shemeji aliipiga picha akaitumia watu wote, ju tangu mtoto azaliwe hatujawahi kuona namba kama hiyo. Tukamshukuru Mungu, tukarudi kulala.

Usiku uleule kichwa kikaanza kumuuma, si kidogo. Akasema anaona vitu kama viko nyuma ya moshi. Tansyo yake (presha ya damu) ilikuwa 15 kwa 10, yaani 150 kwa 100, mtoto wa miaka 14. Maumivu ya miguu yalikuwa yamezidi yale tuliyokuja nayo. Saa kumi na moja alfajiri tukatafuta taksi tukampeleka hopitali kubwa, dokta mama mmoja akasoma ile karatasi yetu ya furaha, akatuangalia, akasema: "Mama, huyu mtoto tutamtoa damu sasa hivi."

Yaya akaanza kulia. Mimi mwenyewe nilisikia kitu kinapanda kifuani, ju alama ya sindano bado ilikuwa kwenye mkono wangu. Tumetoa damu yetu, tumeiweka, sasa wanaitoa? Dokta alikuwa na haraka, akasema maneno machache tu: damu imekuwa nzito, haitembei vizuri, kichwa kinaweza kupata atakí (kiharusi). Akaingia ndani.

Haya, mimi si dokta. Mimi niko kwenye konsantrateri, kiwanda cha kusafisha madini, miaka 11 sasa, kazi yangu ni pompi na tiyo (mabomba) za pulpu, ile matope ya mawe yaliyosagwa na maji. Neno "nzito, haitembei" ndiyo chakula changu cha kila siku. Kwa hiyo wakati niko pale korido kama gadimalade (mwenye kulinda mgonjwa) nikatoa daftari nikaanza kuhesabu, na kiisha nyumbani nimeendelea wiki nzima. Naandika hapa yote, na ile sehemu nilikosea pia, ju naona wazazi wengi wa SS wanahesabu hemoglobini kama franga mfukoni, ikiongezeka ni vizuri tu, na sisi njo tulifanya vile.

Tuanze na mnato. Kila kitu cha maji kina mnato, yaani namna tabaka zake zinakataa kutelezeana. Maji kwenye joto la mwili, digrii 37, ni karibu 0.7 (kipimo ni milipaskali-sekunde, tuiache namba peke yake). Plazma, ile maji ya njano ya damu bila chembe, ni karibu 1.2. Damu nzima ya mtu mzima wa kawaida ikikimbia kwa kasi ni kama 3.4 mpaka 4. Kwa hiyo uzito wote ule unaletwa na chembe. Asilimia ya chembe ndani ya damu inaitwa hematokriti, na kwa haraka unapata kwa kuzidisha hemoglobini mara 3. Mpwa wangu alikuwa na 7, basi 21 kwa mia. Baada ya poshi tatu, 12.4, basi 37 kwa mia.

Mwenye aliandika hesabu ya kwanza ya vitu vinavyoelea ndani ya maji ni Einstein, 1906, na baadaye akairekebisha: mnato unaongezeka mara 1 + 2.5 ya sehemu ya chembe. Ni mstari mnyoofu. Lakini mstari ule ni wa chembe chache zenye haziguzani, na damu siyo vile. Angalia mama anayepika bukari (ugali). Unga wa kwanza kwenye maji ya moto haubadilishi kitu, mwiko unazunguka tu, wa pili vilevile, kiisha kuna mkono mmoja wa unga, sawasawa na ile ya kwanza, ukiuweka mwiko unakataa na mama anashika sufuria kwa miguu. Unga ule ni uleule, ila nafasi katikati ya chembe imekwisha. (Kwenye bukari kuna pia wanga inayovimba kwa moto, najua, lakini umbo la kupanda ni lilelile.) Kwenye pulpu yetu ni vile: kutoka asilimia 50 ya mawe kwenda 55 pompi inasikia kidogo, ukipita 60 ampere zinapanda mbele ya macho yako.

Kwa hiyo watu wa damu wanatumia kupanda kwa namna ya ekisponensho: mnato wa damu ni mnato wa plazma mara namba e (karibu 2.72) yenye kipeo cha k mara hematokriti. Namba k inasema chembe zinazuiana kiasi gani. Kwa damu ya kawaida, ukichukua plazma 1.2 na damu 3.4 kwenye hematokriti ya 45 kwa mia, k inatoka 2.3.

Sasa mishipa. Poiseuille alikuwa mganga wa Ufaransa, njo mwenye alipima presha ya damu kwa manomita ya zebaki mwaka 1828, na miaka ya karibu 1840 akapima maji yanavyopita kwenye vitiyo vya kioo vyembamba. Alitaka kujua damu lakini alitumia maji, ju damu inaganda. Alichopata: mtiririko unategemea presha, unagawanywa kwa mnato, na unategemea nusu-kipenyo cha tiyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Mara nne! Tiyo ikipanuka kidogo tu kwa asilimia 19, mtiririko unakuwa mara mbili.

Hapa nikaweka swali la wazi: moyo unasukuma damu ili oksijeni ifike. Oksijeni inayofika ni hematokriti (mzigo) ukigawanya kwa mnato (ugumu wa njia). Ukiongeza chembe unaongeza mzigo, lakini unaongeza ugumu pia. Kwa ile hesabu ya ekisponensho kilele kinakuwa pale hematokriti ni 1 ukigawanya kwa k. Kwa k ya 2.3 kilele ni 43 kwa mia, na hapo njo hematokriti ya mtu mwenye afya iko. Nilipoona ile namba nilinyamaza kidogo pale kwenye benchi. Mwili hauna daftari, lakini umekaa kileleni.

Damu ya SS chembe zake ni ngumu zaidi, kwa hiyo k ni kubwa zaidi. Dokta alituambia kwa SS hawapitishi hemoglobini 10, yaani hematokriti 30, na huo ndio mpaka wenye unafuatwa kwa kuongezea damu watoto hawa. Kama 30 ni kilele, k ni 3.3. Nikahesabu:

Kutoka 12 kwa mia (hemoglobini 4, mtoto wa malaria kali) kwenda 21, oksijeni inayofika inapanda kwa asilimia 30. Hiyo ni uhai. Kutoka 21 kwenda 30, inapanda kwa asilimia 6 tu. Kutoka 30 kwenda 37, inashuka kwa asilimia 2.

Asilimia 2! Hapo nilikwama. Ju mtoto wangu pale ndani hakuwa amepoteza asilimia 2, alikuwa anashindwa kuona. Na kwa hesabu ile, 37 bado ni bora kuliko 21 yenye alianza nayo, basi ile kliniki walikuwa na haki. Nikarudia mara tatu, namba zilikuwa sawa. Hesabu ilikuwa sahihi na jibu lilikuwa la uongo.

Kosa niliona usiku wa pili, na nililiona ju ya pompi, si ju ya kitabu. Kule kazini umeme ikikatika, pulpu inasimama ndani ya tiyo. Umeme ikirudi, ukiwasha pompi na presha ileile ya kawaida haitembei hata sentimita, kama tiyo imejengwa na simenti. Lazima presha ipande juu ya kizingiti, njo inavunjika na kuanza kwenda, na ikishaanza inakuwa nyepesi tena. Kwa hiyo kuuliza "pulpu ina mnato gani?" bila kusema "ikiwa inakwenda kasi gani?" ni swali nusu. Na mimi nilikuwa nimeipa damu mnato mmoja, kama maji, mahali pote.

Damu siyo maji. Ikipita kwa kasi, chembe zinajinyoosha na kujipanga, mnato unashuka mpaka 3.4 au 4. Ikienda polepole, chembe zinashikana mgongo kwa mgongo kama sarafu zilizopangwa, fibrinojeni, protini moja ya plazma, inazigundisha, na mnato unapanda mara kumi na zaidi. Kwenye hesabu ya Carreau, yenye wahandisi wengi wanaitumia kwa damu, namba zenye zinawekwa kila mara ni 3.45 ikiwa kasi kubwa na 56 ikiwa karibu kusimama. Damu ileile, mtu yuleyule, tofauti mara 16. Na kuna hesabu ya Casson, 1959, yenye iliandikwa kwa ajili ya wino wa kuchapia, rangi ndani ya mafuta, na watu wa damu wakaichukua ju inasema kile nilichoona kwenye tiyo yangu: kuna kizingiti, na chini yake hakuna kinachotembea.

Kizingiti cha damu ni kidogo sana, karibu sehemu 5 kwa elfu za paskali moja kwa mtu wa kawaida, moyo hauoni kitu. Lakini kinakua namna gani chembe zikiongezeka? Kinakua kwa kubu: hematokriti ukitoa kiwango cha chini chenye chembe zinaanza kugusana (karibu 5 kwa mia), kiisha unazidisha jibu lenyewe kwa lenyewe mara tatu. Nikaweka namba za mpwa wangu. Kabla: 21 toa 5 ni 16. Baada: 37 toa 5 ni 32. Imekuwa mara mbili, kamili. Mara mbili kwa kubu ni 8.

Chembe zimeongezeka mara 1.8 tu. Mnato wa kasi kubwa umeongezeka mara 1.7. Kizingiti kimeongezeka mara 8. Na kama wangesimama kwenye 30, kingekuwa mara 4 hivi, hata kidogo chini ya hapo.

Ukweli ni kwamba ile kubu ilipimwa kwa damu ya kawaida, na chembe za SS zilizojikunja hazijipangi vizuri kama sarafu, zenyewe zinakwama kwa ugumu na kwa kugandamana na ukuta wa mshipa. Kwa hiyo 8 siichukui kama kipimo cha damu ya mpwa wangu. Inanionyesha upande gani hatari iko: siyo kwenye mishipa mikubwa yenye damu inakimbia, ni kule nyuma, kwenye vishipa vidogo vinavyorudisha damu, kule inakwenda polepole na oksijeni yake imekwisha kutolewa.

Na pale njo SS inabadilisha kila kitu. Hemoglobini S ikiwa na oksijeni inatulia. Oksijeni ikitoka, inaanza kujishikanisha kuwa nyuzi ngumu ndani ya chembe, chembe inajikunja kama mundu. Lakini haianzi palepale, kuna muda wa kungoja kwanza, na Hofrichter, Ross na Eaton mwaka 1974 walionyesha kwamba muda ule unategemea wingi wa hemoglobini ndani ya chembe kwa namna kali ajabu, karibu kipeo cha 30. Ndiyo maana maji ni dawa: chembe ikikauka kidogo, muda wa kungoja unakatika. Kwa mtoto mwenye amekunywa maji, chembe nyingi zinapita kwenye kapilari (vishipa vyembamba kabisa), inachukua kama sekunde moja, zinarudi kwenye mapafu kabla hazijajikunja. Ni mbio. Chembe inashinda kama njia iko wazi.

Sasa ongeza kizingiti. Damu inapunguza mwendo, chembe inakaa ndani zaidi ya muda wake, inajikunja ingali njiani, inakuwa ngumu, inazuia zenye ziko nyuma, mwendo unapungua tena. Kwenye pulpu tunaita mwendo wa mwisho: juu yake mawe yanaelea, chini yake yanaanza kukaa kwenye sakafu ya tiyo, tiyo inakuwa nyembamba, na tiyo ikiwa nyembamba unakumbuka ile mara nne ya Poiseuille. Hapo hakuna kushuka polepole kwa asilimia 2. Inakwenda, inakwenda, kiisha inaziba.

Chembe za kawaida zina hata msaada mwingine, Fåhræus na Lindqvist waliona mwaka 1931 kwamba kwenye vitiyo vyembamba chini ya milimita 0.3 hivi damu inaonekana nyepesi zaidi, ju chembe zinakwenda katikati na plazma inapaka kando kama mafuta. Lakini ule msaada unataka chembe laini. Na hesabu ya rahisi tu: poshi tatu zilileta 5.4 juu ya 7, kwa hiyo katika kila chembe 100 za mpwa wangu, 56 zilikuwa bado ni zake, za S. Tulimwongezea chembe nzuri bila kupunguza mbaya, tukajaza njia.

Na tansyo? Mnato mara 1.7, mtu wa kawaida angepanua mishipa kwa asilimia 14 tu na presha ingebaki palepale. Lakini SS chembe zake zinavunjika kila siku, hemoglobini inamwagika kwenye plazma na kula naitrik oksaidi, ile gesi yenye inaambia mshipa "panuka". Mishipa haikusikia. Moyo njo ulilipa, na kichwa.

Dokta alitoa mililita 300, akaweka serumu (maji ya dripu) kiasi kilekile, akangoja, akatoa tena 300. Mtoto wa kilo 40 ana damu kama lita 3. Ukitoa huku unarudisha maji, hematokriti inashuka kwa e yenye kipeo cha kasoro 600 gawanya 3000: 37 mara 0.82, inatoka 30.3, yaani hemoglobini 10.1. Niliandika 10.1 kwenye daftari kabla karatasi ya maabara haijarudi. Karatasi ilisema 10.3.

Kabla hata ya poshi ya pili ya kutoa kwisha alikuwa ameuliza kama nje kumekucha, ju anaona dirisha. Maumivu ya miguu yalichukua siku nne, kwa dawa za maumivu, maji mengi na blanketi mbili.

Dokta alipopata nafasi alikaa na sisi, akafungua fishi (kadi) ya zamani ya mtoto, akaonyesha kwa kidole: 7.1, 6.8, 7.2, 7, miaka sita yote. "Hii ni damu yake ya kila siku," akasema, "hakuja na upungufu mpya, alikuja na maumivu. Maumivu peke yake hatuwekei damu." Shemeji akauliza, basi siku nyingine tukatae damu? Akasema hapana, na nataka hii isomwe vizuri: akishuka mpaka 4 kwa malaria, akipata atakí ya kichwa, mapafu yakishikwa, damu ndiyo inamwokoa, mkimbie naye, na kuna wakati wanabadilisha kabisa, wanatoa ya S wanaweka ya kawaida kwa wakati mmoja. Kile asichotaka ni damu inayoongezwa ju ya namba ya mtu mwingine.

Watu wa ile kliniki siwachukii, walikesha na mtoto wetu siku mbili, na hesabu yao ilikuwa ileile yangu ya kwanza, ya Poiseuille, yenye damu ni maji mekundu. Mimi nilirudi pale wiki iliyofuata na daftari langu. Muuguzi mmoja alikaa akasikiliza mpaka kwenye ile 8, akaomba nimwachie ukurasa.

Yaya ameandika kwa kalamu nyekundu juu ya fishi ya mtoto: SS, ya kawaida 7, msipitishe 10. Shemeji alifuta ile picha ya 12.4 kwenye simu yake, mimi nimeibakiza kwenye yangu.